Malori Hulala Wapi? Vituo vya Barabara Kutoka Mombasa hadi Malaba

Jioni Maungu huwa na shughuli kuliko mchana. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, hujafika Voi ukitokea pwani, na nyuma yake kumesimama mlima uliojaa vichaka. Jua likianza kuzama, malori huingia moja baada ya jingine na kujipanga pembeni mwa lami: ya kontena, ya ngano, ya mbolea, ya mabati, ya mafuta. Wa kwanza kushuka ni taniboi, msaidizi wa dereva. Huwa na kipande cha mti mkononi, akazunguka gari na kugonga tairi moja moja huku ametega sikio. Tairi lenye upepo wa kutosha hulia, lililopungua hutoa kishindo kizito na kunyamaza. Trela la ekseli sita lina matairi 22, kwa hiyo kazi hiyo haina haraka. Baadaye dereva naye hushuka, akahakikisha kifuniko cha tangi la dizeli kimefungwa kwa kufuli, akanyoosha mgongo, akaelekea kwenye chapati na maharagwe.

Ukimwuliza kwa nini analala Maungu, atakwambia pana nafasi ya kuegesha, pana chakula na pana watu. Kweli, lakini wasafiri walilala Maungu kabla gari lolote halijaonekana Afrika Mashariki, na wala hawakuwa na hiari. Ndivyo vilivyo karibu vituo vyote vya njia hii inayokwenda zaidi ya kilomita 900 hadi mpaka wa Uganda. Anayelala hapo hakupachagua yeye. Pamechaguliwa na maji, kisha na reli, kisha na mizani na forodha, na siku hizi na kompyuta iliyo ofisini.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Mombasa na Rabai kwenda bara ilikuwa lazima ikate nyika ya Taru, nchi ya miiba na udongo mwekundu isiyo na mto. Taru palikuwa na ngurunga za mawe zilizohifadhi maji ya mvua. Msafara ukizikuta zimekauka, au wanyama wametangulia kunywa, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alijua ana kazi mbele yake, kwa kuwa baada ya hapo hapakuwa na maji ya kutegemewa hadi Maungu. Na Maungu kwenyewe maji hayakuwa njiani, yalikuwa juu mlimani. Mpagazi aliyeshinda juani na mzigo wa frasila mbili, kilo 30 na ushei, aliutua chini ya mlima, akachukua kibuyu, akaanza kupanda. Mskoti Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamaasai, na watu wake walionja kiu ile ile. Kutoka hapo njia ilikwenda Ndara, kisha Taveta, ambako kulikuwa na msitu, ndizi na chakula tele, na misafara ilikaa siku nyingi kurudisha nguvu. Taveta ndicho kituo pekee katika njia hiyo ambacho mtu angeweza kusema alikaa kwa kupenda.

Waingereza walipokuja na kampuni yao ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, walijaribu kwanza mikokoteni ya ng'ombe. Mkuu wa kampuni, William Mackinnon, aliagiza barabara ichongwe kuelekea bara, na kazi ikaanza 1890. Barabara ile haikuwa na maisha marefu, lakini jina lake limebaki kwenye kituo kimoja cha nyikani hadi leo. Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi Mei 1899, na Kisumu Desemba 1901. Injini ya mvuke ilikunywa maji kuliko msafara wowote, na kila baada ya mwendo fulani ilibidi isimame ijazwe. Stesheni zikawekwa Samburu, Mackinnon Road, Maungu, Voi, Mtito Andei, Makindu. Treni za mwanzo hazikuwa hata na behewa la kulia chakula: abiria wa daraja la juu walishuka Voi, wakala cha jioni, wakapanda tena. Orodha hiyo ya stesheni ukimsomea dereva wa leo atadhani unamtajia mahali anapolala.

Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, na waliacha vituo viwili ambavyo mtu wa barabara hawezi kuvisahau. Cha kwanza ni msikiti wa Mackinnon Road, uliojengwa kwenye kaburi la Seyyid Baghali, Mpunjabi aliyefanya kazi relini. Watu husimulia kwamba karai la mzigo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Ukiamini usiamini, madereva wengi husimama pale, Waislamu kwa Wakristo, wakaomba dua ya safari kabla ya kuendelea.

Cha pili ni hekalu la Masingasinga la Makindu. Jengo linaloonekana sasa ni la 1926, lakini Masingasinga wa reli walikuwa wakikutana mahali hapo kabla yake. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa wanachokupa, unanawa, unaketi. Unaletewa dengu, mboga, chapati na chai ya maziwa, na hakuna anayekuuliza dini yako, kabila lako wala pesa yako. Ukitaka kulala, vyumba vipo, na anayetaka hutoa sadaka akiondoka. Kwa maoni yangu hiki ndicho kituo bora katika barabara nzima, na hakikujengwa na serikali wala na kampuni ya mafuta.

Malori yalipoanza kuonekana kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni haikuyapenda. Ilikuwa imekopa fedha nyingi kwa ajili ya reli na ilitaka deni lilipwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikapitisha sheria ya kudhibiti ubebaji wa mizigo kwa magari, na njia ya Mombasa hadi Nairobi ikahifadhiwa kwa ajili ya treni. Msomaji ashike jambo hilo, maana litarudi. Barabara yenyewe iliachwa kuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na lori lililokwama huenda lilikwama kwa siku kadhaa. Wazungu waliosafiri kwa magari yao walijengewa hoteli za kupumzikia, kama ile ya Kiboko iliyoanzishwa na mwindaji J. A. Hunter. Dereva Mwafrika hakuwa na pa kuingia. Alilala ndani ya kebini au chini ya gari, akapika ugali kwenye mafiga kando ya njia. Mtindo huo haujafa: pita Mtito Andei usiku uone jiko la gesi dogo linavyowaka kati ya matairi ya trela, na sufuria juu yake.

Lami ilikamilika kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini reli bado ilikuwa mfalme wa mizigo. Kilichoiangusha ni siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na shirika moja la reli lililohudumia nchi tatu likagawanywa vipande vitatu, mabehewa na injini zikigombaniwa. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari mwaka huo, ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Upande wa Uganda, Idi Amin alikuwa ameukaba uchumi, na bidhaa zilipita kwa njia zilizopatikana. Baridi kali ilipoharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya dunia ikaruka, kahawa ya Uganda ilimiminika kwa magendo hadi soko la Chepkube, karibu na mpaka. Malori yaliifuata, na watu wakatajirika kwa msimu mmoja. Amin alipoondolewa 1979, Uganda ilihitaji kila kitu: saruji, sukari, mabati, dawa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo nazo zilitegemea bandari ile ile ya Mombasa. Mwaka 1985 nchi za ukanda huu zilitia saini mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini ili mizigo ipite bila vikwazo vingi. Reli ilikuwa imechoka. Lori likachukua kazi.

Hapo ndipo kilipoanza kizazi kipya cha vituo, na hakikufuata maji wala reli bali karatasi. Lori la mzigo wa transiti, yaani unaopita kwenda nchi nyingine, lilisimamishwa ili lipimwe uzito, lisimame tena lisubiri muhuri, na kwa bidhaa zilizotozwa ushuru mkubwa lisubiri mengine yajumuike ili yote yasindikizwe na maafisa hadi mpakani, zisije zikauzwa njiani. Misafara ikawa imerudi, safari hii ikiwa na bunduki ya serikali mbele. Mizani ya Mariakani iliwazuia wanaotoka bandarini. Mizani ya karibu na Athi River ilizaa foleni ndefu hata mji uliochipuka pembeni yake ukaitwa Mlolongo, na jina hilo limebaki mpaka leo. Gilgil na Webuye nazo zikapata zao. Mahali dereva anaposubiri saa sita lazima ale, na anaposubiri siku mbili lazima alale. Mama mmoja akaleta birika la chai, wa pili sufuria ya pilau, wa tatu akajenga vyumba vya mabati, na baada ya miaka mitano pana duka la dawa, fundi wa pancha, kinyozi na kanisa.

Kwenye foleni hizo hizo ukaja ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 UKIMWI ulitambuliwa kusini mwa Uganda, katika wilaya ya Rakai, na mji wa Lyantonde ulio kwenye barabara ya Masaka kwenda Mbarara ukajulikana kote kama mji wa madereva na vifo. Lawama ikaangukia watu wawili, dereva na mwanamke wa baa, kana kwamba hao ndio waliopanga mtu akae siku nne kwenye foleni ya forodha mbali na mkewe. Mmoja wa waliokataa kulaumu tu alikuwa Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake waliwapima na kuwatibu madereva na mataniboi kwenye kliniki karibu na mizani ya Athi River, wakiwafuata walipo badala ya kuwangojea hospitalini. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye uongozi wa utafiti wa chanjo ya UKIMWI nchini Kenya. Februari 2007 majambazi wa magari walimuua kwa risasi.

Wazo la kumfuata dereva alipo lilishika. Shirika la North Star Alliance, lililoundwa 2006 baada ya jaribio lililofanyika Malawi, lilianza kugeuza makontena kuwa kliniki na kuyaweka kwenye vituo vya malori, Mlolongo na Salgaa vikiwemo. Dereva angeingia usiku, apimwe presha, malaria, virusi, apewe dawa, aendelee na safari, na kumbukumbu zake za afya ziweze kusomwa kwenye kliniki ya nchi nyingine. Kontena lililobeba mali ya watu likawa, kwa mara ya kwanza, limebeba kitu cha dereva mwenyewe.

Salgaa yenyewe inastahili kuelezwa zaidi. Iko mbele ya Nakuru, chini ya mteremko unaotoka Mau Summit kupitia Sachangwan. Ilikua haraka kwa sababu gari linalopanda linataka kupumzisha injini kabla ya mlima, na linaloshuka linataka kupoza breki. Lakini pia kuna biashara ambayo kila mtu wa barabara anaijua na wachache huitaja. Dereva hupewa dizeli ya kipimo kwa safari. Ile anayookoa ni yake, na inanunuliwa hapo hapo kando ya njia kwa bei ya chini kuliko ya kituo cha mafuta. Mpira unatiwa kwenye tangi, kijana ananyonya mara moja, anatema, na dumu la lita 20 linajaa kimya kimya gizani. Njia rahisi ya kuokoa mafuta ni kutoa gia kwenye mteremko na kuliacha gari lijishukie. Tani 50 zinazojishukia zina breki tu za kuzishika, na breki zikishika moto hazishiki kitu tena. Mshahara mdogo, bei ya dizeli na mteremko vimekutana pale, na makaburi yake yanahesabika. Alfajiri ya Desemba 31, 2017 basi na lori viligongana eneo la Migaa, karibu na Salgaa, wakafa watu 36. Baada ya hapo serikali ikapiga marufuku mabasi ya usiku kwa muda, na ikajenga ukuta wa kutenganisha pande mbili za barabara.

Sachangwan ilikuwa imeshalia kabla. Bomba la mafuta lilifika Nairobi kutoka Mombasa 1978, na kufikia 1994 lilikuwa limefika Eldoret na Kisumu, kwa hiyo malori ya mafuta yakahamia magharibi, kwenye barabara za milima. Tarehe 31 Januari 2009 mojawapo lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia na ndoo na madumu, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Na tarehe 30 Juni 2023, Londiani Junction, lori lililopoteza mwelekeo liliingia kwenye soko la kando ya barabara na matatu zilizokuwa zikipakia abiria, wakafa 52. Wauzaji wale walikuwa wameketi hapo kwa sababu hapo ndipo magari husimama. Hakuna aliyekuwa amewajengea pengine.

Wakati huo biashara ya vituo ilikuwa imeshapigwa kutoka upande mwingine. Reli mpya, SGR, ilifunguliwa Mei 31, 2017, na mikopo yake ilitaka mizigo. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipande treni. Msomaji anakumbuka ile sheria ya miaka ya 1930. Serikali nyingine, deni jingine, dawa ile ile. Mombasa watu waliandamana. Mariakani, Maungu, Mtito Andei na Emali hoteli zilikosa wateja, vyumba vikafungwa, mafundi wa pancha wakaketi kwenye matairi yao wakizungumza. Kuchagua njia ya kusafirisha mzigo kulirudishwa kwa wafanyabiashara Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani. Malori yakarudi, ingawa si yote.

Kati ya matukio hayo mawili ulipita mwaka 2020, na ninadhani madereva hawajawahi kudharauliwa kama mwaka ule. Mipaka ilifungwa kwa watu, ikaachwa wazi kwa mizigo, na mzigo haujiendeshi. Mtu aliyeleta unga, dawa na mafuta akaitwa mleta Corona. Malaba, mpakani, foleni ilifika makumi ya kilomita, madereva wakisubiri majibu ya vipimo, wakilala kebinini siku baada ya siku, bila choo wala maji, na vijiji walivyovizoea vikiwakataza wasishuke. Uganda iliwapangia mahali pa kusimama, na nje ya hapo haikuruhusiwa.

Amri ile ilikuwa kali, lakini kimsingi haikuwa ngeni. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa muhuri wa kielektroniki. Lori likitoka nje ya njia iliyopangwa, au muhuri ukiguswa, kengele hulia kwenye skrini ya mtu aliyeketi ofisini, na maafisa wa doria hutumwa. Wizi wa mizigo ya transiti umekuwa mgumu zaidi, na hilo ni jema. Ila mfumo unaojua kila dakika lori liko wapi haujui kama pale lilipo pana taa, maji au mtu wa kulinda.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 66A, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa jumla ya zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni sheria nzuri, na imeandikwa kwa ajili ya usalama wetu sote. Haisemi apumzike wapi. Anayeitii anaegesha kwenye bega la barabara, akipigwa faini kwa kuziba njia au akinyonywa mafuta akiwa usingizini. Asiyeitii anatafuna miraa na kuendelea.

Nchi za ukanda huu zimeshakubaliana katika mikutano yao kuhusu vituo maalum vya kando ya barabara, vyenye maegesho, zahanati, vyoo na mafuta. Mpango wa kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit nao ulizungumzwa kwa miaka mingi, na ndiyo inayopita Salgaa. Tunaiomba Wizara ya Barabara na mamlaka ya barabara kuu zisikubali mchoro wowote usioonyesha malori yatalala wapi: uwanja uliosakafiwa mbali na lami, wenye taa, maji, vyoo, bafu na mlinzi, na vibanda vya akina mama vikiwa ndani ya uwanja huo, si ukingoni mwa njia. Waanze na Salgaa, kisha Mlolongo, na wasimtoze dereva zaidi ya bei ya sahani ya ugali.